Walisema Wanakuja Kukamata Maji

Hawakuficha. Injinia Hippolyte alisimama mbele ya kanisa letu la Kyalungu baada ya misa, kofia mkononi, akasema, "Bamama na babwana, projet inakuja kukamata maji." Na sisi tukapiga makofi! Jokébed, jirani yangu, akaongeza na vigelegele. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha. Leo nikiyakumbuka makofi yale natamani kuyarudisha moja moja.

Huku kwetu kukamata ni neno la kazi zote. Unakamata mtoto asianguke, unakamata zawadi ya mgeni, na askari anakamata mwizi. Injinia alikuwa na neno lake la Kifaransa, captage, akalivalisha Kiswahili. Alitaka kusema wataijengea chemchemi yetu, watie saruji, tangi na bomba, maji yatoke bila matope. Sisi tulisikia kwamba watatukamatia maji, kama mtu anavyokukamatia mzigo upate kupumua. Mtu mmoja tu alisikia ile ya askari na mwizi, na huyo hakupiga makofi. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kando ya ukuta wa kanisa, miwani nyeusi usoni, anatabasamu. Zorobabel.

Mimi jina langu ni Godelive, lakini padri peke yake ndiye analitumia. Wengine wote wananiita Mama Grady. Kyalungu ni kilima juu ya Butembo. Ukisimama katika shamba langu la kabichi unaona mabati ya mji wote, na ukigeuka nyuma unaona bonde dogo ambapo chemchemi inatoka. Maji yale yalitulea. Na Zorobabel yalimlea pia, maana ni mtoto wa hapa hapa. Mimi mwenyewe nilimpangusa kamasi mama yake alipokuwa shambani. Baadaye akashuka Butembo, akaanza kuleta mizigo kutoka Dubai, akajenga duka, akawa patron, bosi wa watu. Sawa, hatukumwonea wivu. Wivu wa nini? Tulijivuna naye, wajinga sisi.

Zamani mvua ya huku ilikuwa na adabu. Ilikuja wakati wake, ikanyesha, na udongo ukanywa polepole. Siku hizi inakuja kama mlevi: inavunja, inatukana, inabeba shamba la mtu na kulitupa bondeni, halafu inapotea mpaka viazi vinakauka vikiwa ardhini. Ndiyo maana projet ilikuja. Walituambia hali ya hewa imebadilika. Asante, tulikuwa tumeona. Walisema kilima kinahitaji miti kuzunguka chemchemi ili udongo ushike maji, na wataleta miche ya miti ya asili, ile iliyokuwapo wakati wa babu zetu kabla hatujaimaliza kwa makaa. Hilo lilikuwa neno la akili na sitalikana.

Lakini miche haikufika. Mvua ilikata barabara, gari likakwama huko Lubero, na wageni wakubwa wa projet walikuwa tayari njiani kuja kutazama miti. Unatazamaje miti ambayo haipo? Hapo Zorobabel akajitokeza na moyo wake mkubwa. Akaleta miche ya mikaratusi, gari zima, zawadi kwa kilima cha mama yake.

Nikamwambia injinia, "Papa Hippolyte, mukaratusi unakunywa maji. Hata motari wa pikipiki mu Butembo anajua ile."

"Najua, mama," akasema, na alijua kweli, usinidanganye kwamba hakujua. "Mais wageni banakuja juma hii. Muti ni muti. Kiisha tutabadirisha."

Muti ni muti! Basi na maziwa ni chokaa, vyote vyeupe.

Ningekataa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Aliyenifunga ni Ngalula, yule dada wa projet aliyetoka Kasai, msichana mpole anayesalimia hata mbuzi. Aliona bamama wamenuna na mikono kiunoni, akasema, "Bamama, kila mutu apande wake, aupatie jina ya mutu anapenda." Alisema kwa nia nzuri tu. Nami nilikuwa na jina.

Grady alikuwa mwanangu wa kwanza. Maporomoko yalibeba viazi vyetu mwaka ule, na yeye hakutaka kukaa nyumbani kula vya mama, akashuka Beni, akaenda mpaka Mutwanga kulima kakao. Watu wa porini, wale waasi, wakamkuta shambani na mapanga yao. Waliopona walimzika hukohuko, harakaharaka, na njia ilikuwa imefungwa. Kaburi lake sijaliona hata leo. Nikachimba shimo kando ya chemchemi, nikaweka ule mkaratusi, nikaugandamiza udongo kwa magoti, nikasema, "Grady, kaa hapa." Jokébed alipanda wa mume wake. Mwingine wa mama yake, mwingine wa pacha waliokufa na surua. Tulipomaliza tulikuwa tunalia na kuimba, na wageni wakatupiga picha. Zorobabel hakushuka kwenye pikipiki.

Mkaratusi hauna haya, unakua. Misimu michache tu na Grady akapita paa la nyumba yangu. Kila nilipokwenda kuchota nilimsalimia, nikamweleza habari za nyumbani, nani kaoa, nani kaugua. Gome lake lilikuwa laini na baridi, nikaweka shavu. Sikuona haya, na sioni haya kukuambia. Mama mwenye kaburi hajui raha niliyoipata kwa mti ule.

Na bomba ambalo projet ilikuwa imeshatujengea likawa linapungua maji. Kwanza bidoni ilichelewa kujaa. Baadaye tukawa tunapanga foleni na kugombana, sisi ambao tulikuwa tunachota huku tunacheka. Mwisho bomba likawa linatoa uzi, na ukiangalia vizuri huo uzi nao unakatika. Miche ya kabichi ikanifia kitaluni. Tukaanza kushuka mpaka mtoni chini, njia ya kuvunja magoti, na maji yenyewe mekundu ya matope. Tulilaumu jua. Tulifanya novena, sala za siku tisa! Eh Mungu wangu, tulimsumbua Bikira Maria kwa jambo ambalo halikuwa lake.

Siku moja nilishuka Butembo kuuza kabichi chache zilizobaki. Karibu na duka la Zorobabel nikaona watu wanaosha pikipiki. Mji mzima unalia kiu, bamama wanatembea na mabidoni matupu, na hapo maji yanaruka! Mpira mnene, povu mpaka barabarani, pikipiki zimepangwa zinangoja kuogeshwa kama maharusi. Nikamuuliza yule bwana mwenye mpira wametoa wapi maji.

Akajibu kwa furaha, kama anayesifia kitu chake, "Ya Kyalungu, mama! Inashuka yenyewe kwa tuyau, hapana pompe. Patron ni mujanja."

Nilitua kikapu. Wakati tunaimba kule juu na kupanda wafu wetu, au wakati fundi anapaka saruji, sijui ni lini, mtu alitoboa tangi kwa chini na kuzika tuyau ya pili, bomba la siri. Miti ilikuwa inakunywa yake, Zorobabel anakunywa yake, na sisi tunafanya novena.

Niliingia dukani na matope ya miguu yangu yote. Wateja wakanipisha.

"Zorobabel! Unaosha mapikipiki na maji ya batoto?"

"Mama Grady, karibu," akasema, hata hakushtuka. "Kala kwanza mu kiti. Mupatie mama sucré ya baridi."

"Sucré ukunywe weye. Nakuuliza maji."

Akavua miwani, akaipangusa pole pole na shati. "Mama, weye ni mukubwa, unajua kawaida yetu kunipita. Ile miti kule iko ya nani? Nani alileta? Miye. Mwenye miti njo mwenye udongo. Na maji inatoka mu udongo wangu. Bibomba ya projet nilibaachia juu ya heshima tu."

Na kawaida ile ni ya kweli. Kwetu ukimpa mtu shamba, unamruhusu kupanda maharage, viazi, hata muhogo. Miti huwezi kumruhusu. Maharage atavuna na kuondoka, lakini mti unabaki, na aliyeupanda anabaki nao, yeye na watoto wake na wajukuu wake. Watu wametoana meno huku kwa ajili ya mche mmoja wa parachichi. Mgeni akionekana na mche mkononi jioni, kilima kizima kinatoka kumuuliza anakwenda wapi nao. Sasa sisi, tunaolijua jambo hilo tangu tumboni, tulimwachia mtu ajaze miti juu ya chemchemi yetu, kwa sababu ilikuwa miti ya projet, miti ya climat, ya hali ya hewa, na wageni wanapiga picha! Tulisahau kwamba mti hata uwe wa climat una mwenyewe.

Nilipanda kilima nikiwa nimeacha kikapu hukohuko. Njia nzima nilikuwa natukana, na waliokutana nami walidhani nimechanganyikiwa. Jokébed alinisikia kabla hajaniona.

Tulikwenda kwa chef Kakule, mkuu wa kilima chetu, bamama wote, na yeye akawaita Zorobabel na watu wa projet. Tulikaa uani kwake, sisi kwenye majani, wao kwenye viti. Chef Kakule ni mtu wa kusikiliza akiwa amefumba macho, hujui kama amelala. Zorobabel alieleza ya kwake vizuri sana, na Kifaransa ndani. Chef akamuuliza injinia kama ni kweli miche ilitoka kwa Zorobabel.

"Ni kweli," Hippolyte akasema akitazama viatu vyake. "Monsieur Zorobabel njo alitoa."

Chef akafumbua macho. Nikaona anajiandaa kusema, na nikajua atasema nini, na maji yetu yatakwenda kuosha mapikipiki mpaka siku ya hukumu. Nikasimama. Sikuomba ruhusa.

"Chef, unisamehe. Kawaida inasema mwenye muti ni ule alinunua, ao ule alipanda?"

"Ule alipanda," akasema.

"Basi umuulize Zorobabel alichimba shimo gani. Atuonyeshe bile bidole alichimbia."

"Batu yangu njo balipanda," Zorobabel akadakia. "Nilituma bafanyakazi."

Aka! Uongo ule aliutoa mchana kweupe, mbele ya magoti yaliyopanda miti ile. Bamama wakapiga kelele, Jokébed akavua kandambili tayari kwenda kumpiga nayo, chef akagonga fimbo chini. Neno letu dhidi ya neno la patron, na nyuma ya patron kiti cha injinia kimya. Nilimtazama Hippolyte. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote. Alikuwapo siku ile! Akaendelea na viatu vyake.

Aliyeinuka ni Ngalula. Hippolyte, bosi wake, akamvuta mkono wa blauzi, naye akauvuta ukarudi.

"Nilikuwa pale," akasema, sauti ndogo. "Monsieur Zorobabel alikuwa juu ya moto, pikipiki yake, anaongea na telefone. Hapana mufanyakazi hata moja. Bamama njo balipanda. Kila muti iko na jina."

"Majina gani?" chef akauliza.

Tukayataja. Hakuna aliyepanga, kila mmoja alisimama na kutaja wake, na sauti zikawa zinashuka, kwa sababu yalikuwa majina ya marehemu watupu. Mimi nilimtaja Grady. Chef Kakule akamgeukia Zorobabel. "Na weye, muti wako unaitwa nani?"

Katika maisha yangu sijaona patron akitafuta jina namna ile.

"Miti ni ya bamama," chef akasema. "Udongo na maji pia. Ile tuyau uitoe kesho."

Vigelegele! Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akasema miti ile lazima iondoke, vinginevyo tuyau itatoka na chemchemi itakauka vilevile, kila mtu anajua. Halafu akasema, "Mais kawaida ni ileile. Muti unakatwa na mukono ya mwenyewe. Hakuna mutu atakata ya mwenziye, na miye siwezi kuamuru. Kila mama atakata yake."

Vigelegele vikakauka. Nilimwona Jokébed akishika shavu. Na Zorobabel, ambaye alikuwa ameshainuka kwenda zake, akageuka akacheka. Alicheka, mtoto niliyempangusa kamasi!

"Haya, bamama," akasema. "Mukate bafu yenu. Tutaona nani ataanza."

Ningeweza kumsamehe tuyau. Watu wanaiba, dunia imejaa wezi, na wezi wanakwenda kuungama. Neno lile la kukata wafu wetu sitamsamehe, na padri nimeshamwambia asinisumbue.

Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya kilima, tulitoka wote na mapanga, mashoka na majembe. Tukafika kwenye chemchemi, tukasimama. Mikaratusi ilikuwa imenyooka, mizuri, majani yanang'aa, inanukia dawa. Chini yake hakukuwa na jani la kijani, udongo umepasuka. Tuyau ya Zorobabel ilikuwa imeshatolewa, na bado bomba la projet lilikuwa halidondoshi hata tone. Bamama wakaanza kushughulika na vitambaa vya kichwa, huyu anafunga, yule anafungua. Mmoja akasema labda tungoje mvua. Mwingine akasema labda tuikate nusu tu. Walikuwa wananitazama kwa pembeni, na nilielewa. Mama Grady asipoanza, hakuna atakayeanza, na Zorobabel atakuwa amesema kweli.

Injinia naye alikuwa amekuja, yupo mbali kidogo na simu mkononi. Akasema projet inaweza kuleta watu na msumeno wa mashine, kazi ingekwisha upesi, sisi tupumzike. "Muti ni muti," nikamwambia, "si njo vile? Basi nenda ukate ya mama yako." Akaweka simu mfukoni.

Nikaenda kwa Grady. Sikuweka shavu. Ningeweka shavu ningerudi nyumbani. Nikamwambia, kwa sauti, wasikie wote, "Unakunywa maji ya wadogo zako. Nilikuweka hapa vibaya. Toka." Nikapiga shoka.

Nililia, sikatai, lakini nililia kwa hasira. Nilimpigia Zorobabel shoka la kwanza, na injinia la pili, na wale wa mapanga wa Mutwanga, hao niliwapigia mengi, na mvua iliyobeba viazi vyetu ikamfanya mwanangu aondoke. Mti ule haukuwa na kosa lolote. Ulifanya kazi ya mikaratusi. Ulipoanza kulia, ule mlio wa mti unaotaka kuanguka, bamama wakasogea nyuma, na ulipoanguka sikuusikia kwa sababu Jokébed alikuwa ameshaanza kuupiga wa mume wake huku anamtukana kwa mambo ya zamani. Baada ya hapo bonde zima likawa mashoka.

Lakini mkaratusi ukiukata hujaumaliza. Kisiki kinachipua, unarudi na matawi mengi kuliko mwanzo. Lazima ung'oe shina. Nikashika jembe nikachimba palepale nilipogandamiza kwa magoti yangu. Mizizi ilikuwa minene, imekwenda yote upande mmoja, upande wa chemchemi. Niliifuata na kuikata. Jokébed akaja akaniuliza kama nataka kupumzika. Nikamwambia apite upande wa pili na jembe lake.

Shina lilipotoka lilituacha na shimo lililonitosha mimi mwenyewe kulala. Ngalula akasogea na mche mkononi, mti wa asili, ile miche ambayo sasa ilikuwa imefika, imechelewa, mingine imenyauka. Akachutama kando ya shimo.

"Mama Grady, huu tutaupatia jina gani?"

"Hapana jina," nikasema. "Huu ni ya maji. Weka."

Akauweka, akaushindilia kwa mikono yake laini. Halafu akatafuta kwa macho maji ya kuumwagilia. Bomba lilikuwa kavu, na litabaki kavu mpaka udongo ule ujifunze tena kunywa, na hakuna wa kutuambia ni lini. Nikachukua bidoni yangu, nikaanza kushuka mtoni.